Mshahara wa Atieno

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naanza na lile nililolikana miaka minne: binti yangu Atieno, mchezaji wa kulipwa wa hoki ya barafu, si tajiri. Mshahara wa klabu unaishia kwenye kodi ya chumba na nauli. Asubuhi huwaogesha wazee katika makao yao kule mtaa wa Husby, jioni huvaa viatu vya barafu.

Nilijua! Mimi mwenye digrii mbili, ninayeandika makala za kuwasema wenye majivuno! Lakini kila tulipokunywa chai baada ya ibada hapa Hallunda, niliwaeleza wachezaji wanavyolipwa: mshahara, fedha za kutia saini, bonasi kwa kila bao, gari la klabu. Yote ni kweli, ndugu zangu, kwa wanaume wa ligi kuu. Atieno hupewa magongo ya kuchezea na, aking'ara uwanjani, kikapu cha jibini.

Ndipo kamati ya harambee ya kununua kinanda ikamtangaza kuwa mgeni rasmi. Mwenyekiti wetu, Mama Baraka, akanikumbatia.

"Mama Atieno, mgeni rasmi ndiye hufungua na bahasha nene! Tumeshachagua kinanda, kile kikubwa kabisa!"

"Mungu ni mwema," nikajibu.

Nilifikiria kuugua. Nilifikiria kumzushia Atieno jeraha la goti. Mwishowe nikachukua fomu ya mkopo benki, nimjazie bahasha. Nikiwa kwenye treni, fomu mapajani, machozi yalinitoka. Nilimwonea aibu mtoto anayetoka kuogesha wazee na kwenda kufunga mabao! Ee Bwana! Nikaichana fomu. Nikamwandikia Atieno ukweli wote, pamoja na lile gari la klabu.

Mama Baraka, nisamehe. Nanyi ndugu zangu, mshukuruni pamoja nami Mungu anayewafungua hata wenye ndimi ndefu. Mwaminini! Kama hakuchoka na mimi, hatachoka na ninyi.

Siku ile kwenye treni, kabla sijashuka Hallunda, simu ikalia. Atieno, ambaye tangu shule ya msingi hunijibu kwa Kiswidi, aliongea Kiswahili, polepole, kama anayevuka barafu nyembamba.

"Mama, usilie kwenye treni, watu wanakuangalia. Nitakuja Jumapili. Bahasha sina. Nina jibini ya mechi ya juzi, mtaipiga mnada. Lakini punguza mdomo, Mama. Na Mama Baraka apunguze kinanda."