Turbo ya Kupandia Mlima

Sumaiya alikuwa amechomeka nyaya za simu masikioni bila muziki wowote. Ndivyo anavyosikiliza watu kutoka Bukoba mpaka Muleba bila kuitwa mmbeya. Kwenye kiti cha basi mbele yake, kijana aitwaye Rwekaza alikuwa amepakata turbo ya kuongezea injini ya pikapu nguvu, ndani ya kanga, kama mtoto anayepelekwa kliniki.

"Hii ni kubwa kuliko ya zamani," alimweleza Bi Nuriat, jirani yake wa safari. "Naifunga mwenyewe nyumbani."

"Kwani wewe fundi?"

"Nimetazama video, mama."

"Hata mimi natazama za harusi, na sijaolewa tena."

Rwekaza alicheka, kisha sauti ikashuka. Kila Jumapili wakienda kanisani, alisema, pikapu hushindwa mlima, na mama yake hushuka apande kwa miguu ili ipate nguvu. "Juzi alifika juu anahema, akaniomba radhi eti amenenepa. Waitu, mama yangu ana uzito wa kuku!"

Sumaiya alisahau kutikisa kichwa kufuata muziki wake usiokuwepo.

Bi Nuriat aliiweka sawa kanga ya turbo, kisha akarudi vitani. "Ndiyo maana nasema mpe fundi. Ukiua injini, atatembea njia nzima."

"Mama alinibeba mgongoni mlima huohuo nikiwa mdogo. Hii nitaifunga mwenyewe."

Gari lilisimama Muleba wakiwa bado wanabishana. Bi Nuriat alimshikia Rwekaza turbo mpaka akashuka, akampitishia dirishani kwa mikono miwili.

"Tafuta fundi," alisema. "Na mkifika chini ya mlima, mama yako akishika mlango ashuke, mwambie atulie."