Mwendo wa Dada Yustina

Tumsifu Yesu Kristu! Bwana asifiwe sana! Kamwene, ndugu zangu, na ninyi mliobanana kule mlangoni, kamwene.

Naona wengine mmeshaanza kucheka kabla sijafungua kinywa. "Mzee Magongo kashika kipaza sauti!" Chekeni tu, nimewazoea. Lakini leo sina ndevu za kubandika wala unga kichwani. Mvi hizi ni zangu mwenyewe. Anayesimama mbele yenu ni Alois, mtoto wa hapahapa Kifanya, na nimekuja kueleza jinsi Mungu alivyonitoa kwenye uongo.

Vijana hamnijui. Kabla sinema hazijahamia kwenye simu, zilikuwa za kanda, baadaye zikaja za sidii. Pale Makambako, karibu na stendi, kulikuwa na kibanda cha video, watu wanabanana kwenye benchi na madereva wa malori, macho kwenye runinga moja. Ndani ya runinga ile nilikuwemo mimi! Nilicheza babu kiwete, ombaomba kiwete, mganga kiwete, na mara moja baba mkwe kiwete anayekataa posa. Hata miaka thelathini nilikuwa sijafikisha, tayari naitwa Mzee! Waongozaji wa filamu kule Dar es Salaam walikuwa wanasema nchi hii hakuna anayechechemea kama mimi. Waandishi wa magazeti wakaniuliza nilijifunzia wapi. Nikawajibu kwamba ni kipaji tu.

Ndugu zangu, hakikuwa kipaji. Alikuwa dada yangu.

Dada Yustina mnamjua, yule pale benchi la mbele, anainamisha kichwa kwa sababu namtaja. Homa ya utotoni ilimwachia mguu wa kushoto mwembamba. Mguu anaurusha nje kwanza, anatulia kidogo, ndipo mwili unafuata na bega linashuka. Tulipokuwa wadogo tulienda pamoja kwenye vitalu vya miche ya miti, yeye mbele na gongo lake, mimi nyuma namwigiza hatua kwa hatua. Mwingine angenichapa. Yeye aligeuka, akacheka mpaka akakaa chini, akanirekebisha: "Bega, Alois! Umesahau bega!"

Sinema yangu ya kwanza ilipofika Makambako alipanda gari kwenda kuiangalia. Nasikia aliwaambia watu wote wa lile benchi kwamba mwendo ule ni wake, na alijivunia. Na mimi katika miaka yote ile ya sifa sikumtaja hata mara moja.

Basi, simu zikaja, sidii zikafa, na hakuna aliyenipigia tena. Nikarudi, lakini sikufika nyumbani. Niliishia Makambako kwa sababu ya aibu, nikakaa kwenye chumba cha gesti kana kwamba nasubiri gari la kesho. Msimu wa ulanzi nilikunywa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, na msimu ukiisha nilikunywa chochote kilichopita mbele yangu. Watu walinitambua vilabuni wakaniambia, "Mzee Magongo, hebu chechemea tuone." Nikachechemea ili nipewe kikombe. Nililia sana miaka ile, ndugu zangu, ila nililia vizuri, kama nilivyofundishwa.

Hapo ndipo alipokuja mhubiri mmoja wa kupita. Jina lake nalihifadhi, sikuja hapa kumsema mtu mwingine. Aliniambia watu hawaamini mpaka waone, kwa hiyo tuwaonyeshe kidogo, na Mungu atamalizia mwenyewe. Nikakubali! Nikabandika ndevu, nikajipaka unga, nikawa mzee kutoka mbali aliyeletwa na wajukuu.

Mchana ule uwanja ulijaa. Nilipanda jukwaani na magongo mawili, narusha mguu, natulia, nashusha bega. Mhubiri akaomba. Nikatupa magongo, nikanyooka, nikakimbia! Kweli kabisa, sijawahi kupigiwa makofi kama yale maisha yangu yote.

Halafu nikasikia sauti ya mwanamke katikati ya watu. Nikatazama. Ni Dada Yustina. Alikuwa amesikia habari za mkutano, akatoka huku Kifanya asubuhi na mapema. Alitupa gongo lake. Akainua mikono yote miwili, akapiga hatua moja, akapiga ya pili. Ya tatu akaanguka.

Watu wakashangilia! Walidhani ni Roho amemshukia. Uwanja mzima ni mimi peke yangu niliyejua kwamba ameanguka.

Na nilifanya nini? Sisi tuliozoea kamera hatuachi kucheza mpaka mtu aseme "Kata!" Hakuna aliyesema. Nikageuka upande wa pili, nikaendelea kuruka. Ndugu zangu, naomba mnisikie vizuri hapo. Nilimwona dada yangu chini, nikaendelea kuruka.

Kesho yake asubuhi nilimkuta hospitali, mkono umefungwa plasta. Alifurahi kuniona, akadhani nimepelekewa habari. Akaanza kunieleza habari za mzee aliyepona. Akasema, "Mdogo wangu, alikuwa anatembea kama mimi kabisa. Nikajiambia, kama Mungu ameunyoosha mguu ule, na huu si ni uleule? Lakini imani yangu ndogo."

Imani yake ndogo! Nilitaka ardhi inimeze.

Akaendelea, tena anatabasamu, "Kuna wakati nilidhani ni wewe. Nikajisuta. Nikasema Alois anaigiza kwenye sinema, hawezi kuigiza mbele za Mungu."

Nikapiga magoti kando ya kitanda kile na kumwambia kila kitu. Machozi yalitoka vibaya, pamoja na kamasi, bila mpangilio wowote. Ndiyo sala yangu ya kwanza niliyosali bila kujitazama. Dada aligeukia ukutani, nikadhani amenifukuza moyoni mwake. Hatimaye akauliza neno moja tu: "Gongo langu liko wapi?"

Gongo lake lilikuwa jukwaani. Waliyakusanya magongo ya watu na kuyatundika kwenye kamba kuwa ushahidi. Mchana, mkutano ulipoanza tena, nikaenda na suruali yangu ya kawaida, uso wangu wa kawaida. Nikalitambua kwa kitambaa cha kitenge alichokizungushia pale linapokaa kwapani. Nikalishusha. Waliponinyima kipaza sauti nikapaza sauti yangu mwenyewe: "Mimi ndiye yule mzee wa jana! Sijawahi kuwa kiwete! Nimewadanganya! Gongo hili ni la dada yangu, na bado analihitaji!"

Nilipigwa, na nilistahili. Lakini kipigo si kitu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniuliza, "Sasa na mwanangu?" Mpaka leo namwombea yule mtoto kila siku.

Nilipompelekea dada gongo, alilipangusa vumbi, akaniambia, "Tembea nikuone." Nikatembea mpaka mlangoni, nikarudi. Akasema, "Haya. Huo ndio wako. Wangu niachie."

Tangu siku ile sijachechemea tena, si kwa kikombe wala kwa sifa. Ulanzi haukuniacha kwa siku moja. Nilirudi huku nyumbani, dada akawa ananipikia uji kila asubuhi na kuniuliza jana ilikuwaje, nami namwambia ukweli. Kwa njia hiyo Mungu alinivusha, asubuhi baada ya asubuhi. Namshukuru! Nawashukuru na ninyi mlionipokea bila kunitaka nionyeshe kitu.

Kama yupo humu anayejipamba mbele za Mungu ili aonekane, namsihi aache leo. Aende alivyo, na kamasi zake. Atapokelewa, mimi nilipokelewa.

Ibada ikiisha mtaniona nashuka mlima ule polepole sana, nasimama, naenda, nasimama tena. Msicheke, ndugu zangu. Siigizi. Nipo na dada.