Ijumaa ya Mikono Mitupu

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha jiografia, mwenzetu tunayemwita Bi Kapu alistaafu Ijumaa iliyopita, tarehe 29 Mei. Alituacha roho juu, maana wa kushika nafasi yake alikuwa hajapatikana na darasa la mtihani lilikuwa linamsubiri mwalimu Jumatatu asubuhi.

Jina lake lilitokana na kapu la ukindu lililokaa chini ya meza yake. Ndani mlikuwa na chaki, plasta, sindano na uzi, soksi za akiba na kipindi kizima kilichoandaliwa kwa ajili ya mwalimu yeyote atakayeugua ghafla. Akiba haiozi, alikuwa akisema, nasi tukimcheka, mpaka mwalimu mkuu alipochanika suruali muda mfupi kabla ya kikao cha wazazi. Tangu siku hiyo kapu liliheshimiwa kuliko kabati la ofisi.

Lakini Ijumaa zake ndizo zilizotutia wivu. Kila wiki, kabla ya kengele ya mwisho, aliandika ubaoni somo la Jumatatu, akalifunika kwa shuka kuukuu la maua, akaondoka mikono mitupu, bila daftari hata moja, huku sisi tukijikokota na marundo kama wapagazi. Wiki za mitihani, maji yametufika shingoni, yeye anapiga mluzi. Tulipomdadisi, alijibu kwamba yeye ni mvivu wa kuzaliwa: ya Jumatatu akiyamaliza Ijumaa, Jumamosi inabaki ya wajukuu na Jumapili ya usingizi.

Shuka hilo lina historia yake. Asubuhi moja mkaguzi alitokea bila hodi, na mwalimu wa hesabu, kwa kiherehere, akaingia darasa la Bi Kapu badala ya lake. Alifunua shuka, akakuta mito na mabonde. Basi akafundisha mito na mabonde, tena kwa madaha. Bi Kapu alichungulia dirishani, akaenda zake chumba cha pili kufundisha desimali. Mkaguzi alimsifu mwalimu wa hesabu kwa maandalizi mazuri, na hadi leo bwana huyo anavimba kichwa akiuona mto wowote.

Hafla ya kumuaga tuliipanga kwa siri. Keki ikafika, kisu tukakisahau. Kisu kilitoka kapuni, pamoja na sahani za kututosha sote. Kisha aliondoka mikono mitupu kama kawaida yake, zawadi zote zikibebwa na mumewe, aliyekuwa haoni njia.

Darasa la mtihani je? Mwalimu wa hesabu alijitolea kulishika, nasi tukazidi kuogopa. Jumatatu alifika mbele ya ubao, akafunua shuka huku sisi tumejazana mlangoni. Chini yake kulikuwa na marudio ya mito na mabonde, somo pekee la jiografia analolijua. Masomo yaliyosalia ya muhula yalikuwa ndani ya kapu alilotuachia chini ya meza, yamefungwa kwa uzi, juu yake limeandikwa jina la mwalimu huyo wa hesabu.

Bi Kapu, asante kwa kutuwazia kabla hatujajiwazia wenyewe. Tumekupenda, na ofisi imepoa bila wewe. Tunakuombea afya, wajukuu wenye adabu, na Jumamosi ndefu isiyo na Jumatatu.