Kumi na Nne Mara Mbili

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya duka la Veska, kati ya mashine ya kahawa na ukuta wa matangazo ya tanzia yenye picha za marehemu. Mashine hiyo inatoa kahawa kwenye kikombe cha plastiki kidogo kama cha dawa ya kikohozi, na ukiipiga teke ubavuni inakuongezea sukari. Nilipoanza kufundisha jiografia hapa Stara Topola, Bulgaria, tulikuwa watu elfu moja na mia mbili. Sasa tumebaki wachache kiasi kwamba tukinuniana asubuhi inabidi tupatane kabla ya mchana, maana hakuna mtu mwingine wa kuongea naye. Benchini tuko watano. Yuko Kiril, tunamwita Antena, kwa sababu kila uzushi unaopita angani unatua kwake kwanza. Yuko Gencho Mwenyekiti, aliyeongoza shamba la ushirika hadi likavunjwa, na mpaka leo hajakubali kwamba limevunjwa. Yuko Bibi Tsona, ambaye hutafuna mbegu za alizeti na kutema maganda upande wa yule anayemkera. Yuko Stamen Reli, mkuu wa stesheni ambako treni haisimami tena. Na niko mimi, Mwalimu.

Asubuhi hiyo ya Mei, Stamen alikuja amevaa suti na tai. Ni suti aliyoivaa siku binti yake Ralitsa alipohitimu udaktari, na ilikuwa imemzidi mabegani. Hakuna aliyemtania, na kwa kijiwe chetu hilo si jambo la kawaida.

— Saa tano watu wa chama wanafungua ukumbi, Stamen alisema. Wakishamaliza kututambulisha kwa wagombea wao, nanyanyuka. Nitawauliza mbele ya watu wote, binti yangu mlimfanyia nini?

— Nyanyuka, kaka! Mwenyekiti akamtia ndimu. Na mimi nitakuwa nyuma yako.

— Nyuma sana, Bibi Tsona akasema. Karibu na mlango.

Wakati huo gari dogo lenye kipaza sauti juu yake lilikuwa limesimama penye kisima. Akashuka binti wa miaka ishirini na kitu, ana ndoo ya gundi na bango lililokunjwa. Alitusalimia vizuri, akasema anaitwa Yoana, ametumwa na chama cha Ardhi na Kazi, na kama hatutajali angebandika picha za wagombea wa Bunge la Ulaya. Hakungoja jibu. Akalibandika ukutani, kwenye nafasi iliyobaki kati ya tanzia ya mume wa Veska na ile ya mhunzi. Nyuso kumi na saba, zote zinatabasamu.

— Yesu wangu, Antena akasema, nilidhani wamekufa wote kwa mpigo.

— Usifurahi mapema, Bibi Tsona akamjibu. Haya niambieni, yule mwenye shingo kama gogo ni nani?

— Huyo ni bingwa wa mieleka, bibi, Yoana akasema. Namba nne. Anashughulikia vijana.

— Vijana gani?

Yoana akatazama barabara, juu na chini. Kulikuwa na mbuzi mmoja.

— Vijana kwa ujumla, akasema.

— Na huyu mrembo?

— Namba sita. Mtangazaji wa hali ya hewa.

— Huyo namfahamu, Antena akadakia. Huyo ndiye aliyesema hakutakuwa na mvua ya mawe, mwaka ule zabibu zangu zilipokwisha. Leo anataka kwenda Brussels! Si angeanza kwa kuja kuniomba radhi?

— Mie huyo namba tatu, alisema Mwenyekiti, namfahamu baba yake. Baba yake aliniuzia trekta bila injini. Ilikuwa nzuri sana kwa macho.

Tulicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kikavu. Stamen hakucheka. Alikuwa amesogea karibu na bango, ameweka kidole kwenye picha ya kwanza, akawa anashuka nacho picha moja moja mpaka ya kumi na saba. Kisha akaanza upya kutoka juu.

— Hayumo, akasema.

— Nani, mzee? Yoana akauliza.

— Daktari Ralitsa Stamenova. Miaka mitano iliyopita alikuwa namba mbili wenu. Mlimleta hapa hapa, mkampigia ngoma na zumari, mkasema huyu ni daktari wa kijiji, huyu atatusemea Ulaya nzima isikie. Leo hata namba kumi na saba hamkumpa?

Yoana alijitetea kwamba wakati huo alikuwa bado shule, kwamba orodha inapangwa Sofia, kwamba yeye anabandika tu. Aliyasema kwa adabu, na macho yake yalionyesha hadanganyi. Hapo sasa kijiwe kikapata moto. Mtu akikosa habari ya jambo fulani mbele yetu, amekwisha.

— Kaa chini nikwambie, binti, Antena akaanza. Chama kilipata viti viwili. Wa kwanza akaenda, sawa. Wa pili angekuwa Ralitsa wetu. Kumbe juu yake akaruka mtu namba kumi na nne! Muuza vigae vya chooni! Mtu aliyewekwa kwenye orodha kujaza nafasi, hata kampeni hakufanya. Akaenda Brussels miaka mitano, na Ralitsa akabaki na mabango yake. Unajua ilikuwaje? Kalamu. Zile kalamu za kituoni zilitoka Sofia. Wino wake ukipata joto la mkono unahama. Unachora penye mbili, unakunja karatasi, ukifika kwenye sanduku alama iko kwenye kumi na nne.

— Wino unahama mistari kumi na miwili? Mwenyekiti akamzomea. Acha kamba zako, Antena. Kalamu ni mambo ya kitoto. Tumia akili. Ralitsa aliposhindwa alikwenda wapi?

— Ujerumani.

— Kufanya nini?

— Udaktari.

— Basi! Mwenyekiti akapiga goti lake. Wajerumani walikuwa hawana madaktari. Wakakaa mezani wakauliza, nani mzuri huko Bulgaria? Wakaambiwa, yuko mmoja Stara Topola. Tutampataje? Kwanza ashindwe! Wakatafuta muuza vigae, wakamnyanyua. Yule hakupelekwa Ulaya awe mbunge, alipelekwa ili kiti kisiwe wazi. Mimi nimeongoza watu mia tatu na nguruwe elfu mbili, najua mambo yanavyopangwa.

— Na wangekuja kumpangia mtu wa kijiji hiki wakati hata gari la mkate hatupangiwi? Bibi Tsona akatema ganda, likatua kwenye kiatu cha Mwenyekiti. Nyie wanaume hamna mnalojua. Yule wa vigae alikwenda kwa mwanamke mmoja kule ng'ambo ya mto, anayefanya uganga wa kumimina madini ya risasi yaliyoyeyushwa kwenye maji. Nimesikia kwa dada wa shemeji yake. Akamiminiwa mara kumi na nne. Ndiyo maana siku ile ya kura mimi mwenyewe mkono ulikuwa mzito, kama umeshikwa.

— Wewe mkono wako ulikuwa mzito kwa sababu ulikunywa pombe ya rakia saa mbili asubuhi!

— Kidogo. Kwa ajili ya baridi.

— Ilikuwa Mei, Tsona!

Antena, kwa kuogopa kuachwa nyuma, akaleta setilaiti. Alisema ilipita juu ya kijiji chetu asubuhi ile, kuku wote wakanyamaza, na kila mtu aliyekuwa kwenye kibanda cha kura akasahau alichokuja kufanya. Mwenyekiti akasema setilaiti anaikubali, ila iwe ya Kijerumani. Stamen alikuwa anawasikiliza wote kwa makini ya kutisha. Kila uongo alikuwa anauitikia kwa kichwa, kama mtu anayepewa dawa na kumeza.

Kliniki aliyokuwa akifanyia kazi Ralitsa iko mita hamsini kutoka benchi letu. Ina kufuli. Alipoondoka alisema anakwenda mwaka mmoja tu, apumzike na siasa. Mhunzi aliyeko pale ukutani alikufa akisubiri gari la wagonjwa kutoka mjini, na gari lilipofika dereva alituuliza njia ya kurudi. Nasema haya bila kutia chumvi. Nina uchungu na jambo hili, na sehemu ya uchungu huo nimejiletea mwenyewe, kama mtakavyosikia.

Yoana alikuwa amejinunulia kahawa, amesimama na kikombe chake. Akauliza, na naapa hakuwa na ubaya wowote:

— Sasa hapa kijijini kwake, yeye daktari, alipata kura ngapi?

Mwenyekiti akaanza kufuta kiatu. Bibi Tsona akaacha kutafuna. Halafu wote wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kituo cha kupigia kura.

Karatasi ya kura ya mwaka ule ilikuwa na pande mbili. Kushoto namba za vyama, na Ardhi na Kazi kilipewa namba kumi na nne. Kulia viduara vya wagombea, moja mpaka kumi na saba, uchore penye yule unayemtaka; mwenye alama nyingi anawaruka walio juu yake kwenye orodha. Kampeni nzima walituimbia kumi na nne, kumi na nne, mpaka kasuku wa Veska akajua. Watu wakaingia kibandani, wakachora kumi na nne kushoto, wakaona kuna kumi na nne nyingine kulia, wakachora na ile pia, wasije wakakosea. Nchi nzima watu walikosea hivyo. Lakini hapa ni kwao Ralitsa, ingawa yeye mwenyewe siku ile alipigia kura Sofia. Kura za chama zilikuwa sitini na tatu. Sitini na moja zilichorwa kumi na nne mara mbili. Mbili hazikuchorwa chochote kulia. Penye namba mbili palikuwa peupe kabisa.

Moja ya zile sitini na moja ni yangu. Mimi, Mwalimu, niliyewafundisha nusu ya kijiji kusoma ramani. Niliitambua kwa msalaba wangu wenye mkia. Nakala ya matokeo niliibandika mlangoni kama sheria inavyotaka, na asubuhi yake, kabla mtu hajapita, nikaibandua.

— Sikumbuki, nikamwambia Yoana.

— Unakumbuka, Stamen akasema.

— Si lazima mwalimu akumbuke, Yoana akasema, akatoa simu yake. Matokeo yapo kwenye mtandao, kituo kwa kituo. Nitafute?

— Acha, mwanangu, Bibi Tsona akasema. Kunywa kahawa yako.

— Yapo tangu lini? Stamen akauliza.

— Tangu wiki ile ile ya uchaguzi, mzee.

— Na mtu yeyote anaweza kuyaona? Hata aliyeko Ujerumani?

— Popote alipo. Anaandika jina la kijiji tu.

Stamen akanigeukia. Nimemfahamu tangu tukiwa na meno ya utoto, na sijawahi kumwona na uso ule, hata siku aliyomzika mkewe.

— Hata moja, Mwalimu?

Nikatikisa kichwa.

— Mimi nilichora kumi na nne kote kote, akasema. Nilipofika nyumbani nikashtuka. Nikajiambia, si kitu, wenzangu wamechora vizuri. Kura yangu moja itamfanya nini.

Mwenyekiti alikuwa anatazama chini. Kule kisimani kipaza sauti kikaanza muziki, kisha sauti ya mwanamume ikatukaribisha kwa furaha kubwa ukumbini, tukutane na wawakilishi wetu.

— Mzee, nikuwekee kiti cha mbele? Yoana akauliza. Ulisema una swali.

Stamen akaketi. Akalegeza tai, akaivua, akaikunja polepole na kuitia mfukoni.

— Kila Jumapili ananipigia simu, akasema. Miaka mitano. Ananiuliza kama nimekula, kama nimepasua kuni, kama goti linauma. Habari ya kura zetu hajaniuliza hata siku moja.