Kichwa cha Raihana

Kitendawili! Kinakataa kutwa nzima, na mwenyewe hajakataa kitu. Umeshindwa? Basi nisikilize, mjukuu wangu.

Juzi, kwenye basi la kutoka Kamenge, nyuma yangu walikaa watu wazima wawili: Massoudi, fundi magari, na Raihana, mshonaji. Majina yao niliyasikia kwao wenyewe, mi sikuuliza.

"Nilikuuliza kama nilete wazee kwenu, ukatikisa kichwa," Massoudi akasema. "Nikashika njia yangu."

"Ulisikia mdomo wangu ukisema apana?"

"Kichwa kilisema."

"We Massoudi! Kichwa hiki kinaikataa hata chai, na chai naimaliza."

Nikajifanya nakohoa.

Raihana akamweleza kwamba ametoka kwa daktari. Daktari amempima tezi ya shingo, akauliza dawa anazokunywa, akauliza na ukoo. Kumbe kichwa cha marehemu mama yake nacho kilikuwa kikitikisika hivyo hivyo. "Amesema ni mishipa ya fahamu, nimerithi. Si wazimu, si majini. Dawa ya kukituliza ipo, nimeanza leo. Ila nikishtuka, kinazidi."

"Siku ile kilizidi sana."

"Si ulinishtua!"

Basi likasimama kwenye kituo cha Massoudi. Hakuinuka. "Basi kichwa tukiache," akasema. "Leo nauliza mdomo. Nilete wazee?"

Nikageuka kabisa, aibu nimeiacha Kamenge. Kichwa cha Raihana kilikuwa kinakwenda kushoto na kulia, kushoto na kulia.

"Walete Ijumaa," akasema.