Mlima wa Menengai na Kibuyu cha Mursik

Basi lilipotoka Roret, Kogo, yaani Bibi, Tapsabei alikuwa amepakata kibuyu cha mursik, maziwa lala ya kumpelekea mjukuu wake Chelimo, mwalimu kule Nakuru, chini ya mlima wa volkeno wa Menengai. Chelimo alikuwa ameandika kwamba ardhi ilitikisika mara mbili, vikombe vikaanguka. Kogo alikuwa anaenda kumrudisha nyumbani.

Kijana wa kiti cha jirani, Okoth, alipomsikia akieleza hayo, akamwambia kwamba kazi yake ni kupima mitetemeko hiyo hiyo. Kogo akamgeukia mzima mzima. "Basi niambie, mwanangu, huo mlima utalipuka lini?"

"Sijui, Mama. Pengine baada ya miaka elfu."

"Au kesho?"

Okoth akakuna shingo. "Hata kesho siwezi kuapia."

"Na serikali inakulipa?"

Abiria wakacheka. Okoth naye akacheka, maana alilelewa vizuri.

Barabara ilikuwa mbaya. Kifuniko cha kibuyu kikafyatuka, povu likapanda. Okoth akawahi kulizuia kwa kitambaa chake cheupe.

"Mama, labda umetengeneza mursik miaka hamsini. Mbona hukujua kitafunguka saa ngapi?"

"Saa sikujua. Nilijua ni njiani, ndiyo maana nimekipakata."

Okoth hakuondoa mkono mpaka Kericho.

"Na wewe unaishi wapi?" Kogo akauliza basi likipunguza mwendo kwenye stendi ya hapo.

"Nakuru, Mama. Karibu na mlima."

Kogo akakumbatia kibuyu chake. "Mama yako anajua unalala hapo?"

Basi likasimama.