Jumamosi Ambayo Timu Yetu Haikuingia Uwanjani: Risala ya Bibi Wafua Jezi

Mgeni rasmi, Bwana Njoroge, makamu mkuu wa chuo wanachosoma wajukuu wetu, kocha Lambert, wachezaji, na majirani wote wa hapa Tottenham mliokuja: amani iwe juu yenu.

KARIBU

Tunakushukuru kwa kuja. Uliposhuka kwenye basi mvua ilikuwa inanyesha, na tumeona ulivyosimama ukamshikia Bi Hayat mlango mpaka akaingia na mkongojo wake. Hukujua kama tunakuangalia. Tumeliweka moyoni, na tunakuomba nawe uyaweke moyoni yanayofuata, kwa sababu si matamu.

TULIVYOANZA

Sisi kazi yetu ni kufua jezi. Wengine tumetoka Bukavu na Uvira, wengine Unguja na Pemba, na kabla ya timu hii tulikuwa tukikutana sokoni tu, tukaitikiana salamu, kila mmoja akaenda zake. Chuo kiliwapa vijana jezi za kijani, hakikusema nani atazifua. Mwenzetu Thérèse alimkuta mjukuu wake Serge, golikipa, ameianika yake dirishani na tope lake lote. Akaichukua. Wiki iliyofuata zikaja zote. Bwana Zein, mwenye duka la mashine za kufulia, hutuachia mashine kubwa kila Jumapili, na hajawahi kutuambia tuharakishe.

MSIMU

Mechi ya kwanza tulifungwa mpaka mwamuzi akaanza kutuonea huruma. Shabiki mmoja wa upande wa pili akampigia Serge kelele: "Golikipa, lango liko nyuma yako!"

Miradie, mama yake Serge, alikuwa ametoka zamu ya usiku ya kutunza wazee, sare ya kazi bado mwilini. Akamjibu kutoka pembeni: "Na mdomo wako uko mbele yako, ufunge!"

Uwanja mzima ukacheka. Serge naye akacheka, na tangu siku ile hakufungwa goli la kizembe tena. Kila alipodaka mpira alitupa jicho pembeni kwanza, amwone mama yake, ndipo aupige.

Ramadhani ilipoingia, Sultan, mshambuliaji wetu, alicheza akiwa amefunga. Wakati wa mapumziko wenzake Wakristo waliziacha chupa za maji ndani ya mfuko, wakakaa naye midomo mikavu. Hakuna mtu mzima aliyewaambia wafanye hivyo. Bwana Njoroge, ukitafuta nidhamu, ilikuwa pale kwenye nyasi.

Mwezi wa nne ikabaki mechi moja. Hata sare tu ingetosha, tungekuwa mabingwa.

JUMAMOSI ILE

Alhamisi kabla ya mechi hiyo, Miradie alianguka akitoka kazini, hakuamka tena. Thérèse akampoteza binti, Serge akampoteza mama.

Jumamosi asubuhi timu nzima ilikuwa nyumbani kwa Thérèse. Gires, kapteni, alikuwa akipandisha viti vya kanisa kwa ngazi, maana lifti ni mbovu. Sultan alikuwa mlangoni akipokea makoti ya wazee. Kocha Lambert alikuwa kwenye masufuria. Hakuna aliyewapigia simu watu wa ligi. Kapteni alidhani kocha amepiga, kocha alidhani chuo kimepiga, na sisi hatukudhani lolote, kwa sababu kwetu mtu hajawahi kuomba ruhusa ya kwenda msibani.

Timu ya Rayners Lane ilifika uwanjani ikakuta nyasi tupu. Kocha wao, Bwana Pravin, angeweza kuchukua pointi zake akarudi kwake. Badala yake alipiga simu huku na huku mpaka akaambiwa. Mchana tukasikia vishindo kwenye ngazi. Tulipofungua, vijana wake walikuwa wamevaa jezi zao za njano, wamevua viatu vya mpira na kuvipanga kwenye korido hadi kwenye mlango wa jirani. Wakaingia na soksi, mmoja mmoja, wakampa Serge mkono. Bwana Pravin akamwambia Thérèse, Gires akitafsiri: "Mama, tutacheza siku kijana wako atakapokuwa tayari."

Hivyo ndivyo walivyofanya wapinzani.

TULIVYOTENDEWA

Ligi ilikubali mechi irudiwe, mradi chuo chetu kiombe. Kiombe tu. Bwana Pravin aliomba kwa upande wake. Wewe, Bwana Njoroge, ulikataa kuomba. Kisha ukaifuta timu ya mwaka ujao, ukasema haina nidhamu.

Gires alikwenda ofisini kwako. Alichotuambia mliambizana ni hiki, nawe utusahihishe kama tumekosea.

"Tulikuwa msibani, bwana."

"Wote?"

"Wote."

"Wangekwenda wachache, wengine wakacheza."

"Ungemchagua nani asiende?"

Ukamwambia, "Hapa ni London, kijana, si kijijini kwenu."

Bwana Njoroge, mgeni wetu angekuwa Mwingereza, tungeanza kwa kumweleza matanga ni nini, na tungemwelezea kwa upole. Wewe ni mtoto wa Nyeri. Neno hilo tunalo sote, Wakongo, Waunguja na ninyi wa Kenya. Ulilala matanga ukiwa mdogo, ukala chakula cha majirani, ukaona wanaume wazima wameacha mashamba na maduka yao. Hukukosa kujua. Ulijua, na ukafanya kama hujui. Hilo ndilo linalotuchoma. Tumekuwa wapole miaka mingi katika mji huu, kwenye foleni, kwenye simu, mbele ya kila dirisha lenye karani nyuma yake. Leo si wapole.

OMBI

Hatukuombi kikombe. Vijana wakifungwa mechi hiyo, tutazifua jezi kama kawaida. Tunakuomba kwanza uwaandikie watu wa ligi, maana bado wanasubiri, na uirudishe timu.

La pili ni kubwa kuliko hilo. Tangu Gires atoke ofisini kwako, Serge hajagusa mpira. Haketi na wenzake. Anaamini amewaharibia. Juzi alimwambia Thérèse, bibi yake, ambaye humwita Koko: "Koko, mama angengoja mpaka Jumapili tu."

Tafadhali lisikie vizuri neno hilo. Mtoto anamlaumu mama yake kwa siku aliyokufa. Thérèse alimkumbatia, akamwambia sivyo, na sisi sote tumemwambia sivyo, kila mmoja kwa lugha yake. Haamini, kwa sababu sisi ni bibi zake, na bibi husema lolote kumtuliza mjukuu. Ataamini akiambiwa na aliyeifuta timu.

Pilau uliyoisikia harufu yake inatoka jikoni, nyuma ya mlango ule wa buluu. Serge yuko humo tangu asubuhi, anaosha masufuria. Hajui kwamba tunalisema hili. Chai yako pia iko humo, hatukukuletea mezani kwa makusudi. Nenda ukaichukue mwenyewe. Ukifika mpe pole, maana hujawahi kumpa, kisha umwambie kosa halikuwa la mama yake. Sisi tutakaa hapa kimya, hatutapakua mpaka mtoke wawili.

Mungu akubariki, Bwana Njoroge, na watoto wako. Na siku msiba utakapobisha kwako, kwa kuwa hauna mlango usioujua, akujaalie nyumba iliyojaa watu, viti visitoshe, na viatu vipangwe mpaka kwa jirani. Sisi tutakuwepo. Hatutakuuliza ni Jumamosi au siku gani.

Ni sisi,
Bibi Wafua Jezi, Tottenham.
Imesomwa kwa niaba ya wote na Bi Time.